Sumu Iliyoandikwa Wazi: Kisa cha Dawa ya Meno ya Panama, 2007

Mei 2007, katika jiji la Panama, mtu mmoja aliingia kwenye duka la vitu vya bei ya chini. Alikuwa Eduardo Arias, mtumishi wa serikali wa cheo cha kati, Mkuna, yaani wa jamii ya wenyeji asilia wa Panama, umri miaka 51. Rafuni palikuwa na dawa ya meno, tyubu moja senti 59. Akaichukua, akaigeuza, akasoma yale maandishi madogo ya mgongoni ambayo wengi wetu hatuyasomi hata tukiwa tumekaa chooni bila simu. Ndani ya orodha ya viambato akakuta maneno mawili ya Kiingereza ambayo Panama ilikuwa ikiyasikia kwa miezi saba mfululizo, redioni na misibani: diethylene glycol.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kisa cha sumu iliyofichwa. Haikufichwa. Iliandikwa kwa herufi za kusomeka, ikapita bandarini, ikapita kwa waagizaji, ikapangwa rafuni, ikanunuliwa. Kila aliyeishika alikuwa na taarifa zote mkononi. Kilichokosekana ni msomaji, na ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kuliko visa vingi vya bidhaa bandia tunavyopeana.

Tuanze na kwa nini Arias alishtuka. Mwaka 2006, hospitali za Panama zilianza kupokea wagonjwa wa ajabu, wengi wao wazee. Mkojo unakata, figo zinagoma, kisha mwili unalegea na kupooza. Madaktari walishuku vitu kadhaa kabla ya kufika kwenye dawa ya kikohozi isiyo na sukari, iliyochanganywa na maabara ya mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani mali ya umma, dawa ya kupewa raia. Oktoba 2006 wataalamu wa Marekani waliipima na jibu likatoka: ndani yake mlikuwa na diethilini glaikoli, kwa kifupi DEG, karibu asilimia 8. Waliothibitika kufa walizidi 100.

Maabara ile ilikuwa imetumia inachoamini ni gliserini. Mapipa 46 yalitoka China, yakapitia Hispania, yakafika Panama mwaka 2003 yakiwa na cheti kinachosema usafi ni asilimia 99.5. Yalipita mikononi mwa kampuni tatu za biashara katika mabara matatu, na hakuna hata moja iliyochota kijiko kimoja ikapima. Chupa zilizotengenezwa zilifikia 260,000. Kuna jambo dogo katika mkasa huo ambalo sijalisahau tangu nilipolisoma: China ilieleza baadaye kwamba mzigo ulipoanza safari uliitwa "gliserini ya TD", na TD ni kifupisho cha neno la Kichina *tidai*, maana yake mbadala. Njiani herufi mbili zikadondoka. Kilichoondoka kiwandani kama mbadala wa gliserini kikafika hospitali kama gliserini.

Sasa, gliserini inatafuta nini kwenye dawa ya meno? Hapa inabidi tuifungue tyubu.

Dawa ya meno ni uji mzito wenye kazi nyingi. Sehemu kubwa ni unga wa kusugulia, ambao ni chokaa laini, yaani kalsiamu kabonati, au silika. Kuna maji. Kuna sabuni kidogo, na ndiyo inayotoa povu. Povu lenyewe halisafishi kwa kiasi watu wanachodhani, lakini dawa isiyotoa povu haiuziki. Kuna gundi ya mimea au ya mwani ya kushikilia mchanganyiko usitengane unga chini na maji juu. Kuna mnanaa, kuna utamu usio wa sukari, na kuna floraidi, ambayo kwa dawa ya watu wazima kwa kawaida ni kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa kila milioni. Hiyo floraidi ndiyo inayolinda jino lisioze. Mengine yote ni gari la kuibebea.

Na ukiacha maji na unga, kinachochukua nafasi kubwa ni kitu cha kushika unyevu. Bila hicho, ukisahau kifuniko usiku, asubuhi unakuta mdomo wa tyubu umeziba kwa jiwe. Kazi hiyo hufanywa na gliserini au sobitoli, na huweza kufika theluthi ya mchanganyiko mzima. Kwenye zile za jeli inayopitisha mwanga hupita hapo. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayetaka kubana gharama hahangaiki na mnanaa wala floraidi, maana vinatiwa kidogo mno. Anaangalia kile kinachojaza pipa.

DEG inafanana na gliserini kama pacha. Haina rangi, ni nzito, haina harufu ya kukushtua, na ni tamu. Inashika unyevu vizuri tu. Ni ya viwandani, hutumika kwenye vimiminika vya breki na vya kuzuia injini kuganda, na bei yake ilikuwa chini ya gliserini. Kwa jicho, kwa pua na kwa ulimi huwezi kuzitofautisha, inahitaji kipimo. Ikishaingia mwilini ini huivunja na kutengeneza asidi ya diglikoliki, na asidi hiyo ndiyo inayoua chembe za mirija ya figo. Ndiyo maana mgonjwa haanguki siku ile ile. Huumwa tumbo, hutapika, anaweza hata kuonekana amepata nafuu, kisha mkojo unakauka.

Wala si sumu iliyogunduliwa juzi. Mwaka 1937, kampuni ya Massengill ya Tennessee ilitaka kuuza dawa ya salfa katika hali ya maji, ikayeyusha unga wake ndani ya DEG, ikatia ladha ya tunda na kuipa jina la eliksiri. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Sheria ya Marekani ya wakati ule haikumlazimisha mtengenezaji kupima kama dawa yake inaua. Serikali ilipotafuta kosa la kumshtaki nalo, lililopatikana ni moja: lebo. Neno eliksiri lilimaanisha dawa yenye alkoholi, na ile haikuwa na alkoholi. Yaani kama wangeiita tu mmumunyo, pengine pasingekuwa na kesi kabisa. Sheria mpya ya chakula na dawa ilipitishwa mwaka uliofuata, 1938, na mizizi ya nguvu za leo za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iko hapo.

Turudi kwa Arias na tyubu yake ya senti 59.

Angeweza kuirudisha rafuni akaenda zake. Aliinunua. Kisha akachukua siku moja ya likizo yake mwenyewe akaipeleka wizara ya afya. Anayejua ofisi za umma atajua kilichofuata: ofisi ya kwanza ikamwelekeza ya pili, ya pili ikamwelekeza ya tatu, na huko akapewa fomu za kujaza. Tyubu ilikuwa mkononi, maneno yalikuwa juu yake, nchi ilikuwa bado inazika watu wa dawa ya kikohozi. Fomu. Alizijaza. Baada ya siku chache taarifa ikawa imesambaa na serikali ikaanza kukusanya dawa hiyo madukani.

Chapa zilizokamatwa Panama ni Mr. Cool na Excel, zote kutoka China, na zilipitia Eneo Huru la Biashara la Colón, ghala kubwa kwenye mlango wa mfereji ambako bidhaa za dunia hushushwa, hugawanywa na kupakiwa upya kwenda kwingine. Bidhaa ikishapita mahali pa namna hiyo, kuuliza ilikotoka ni kama kuuliza maji ya mto yalitoka wingu gani. Jamhuri ya Dominika nayo ikakuta yake. Juni 1, 2007 FDA ikawaonya Wamarekani watupe dawa ya meno iliyoandikwa kutoka China. Katika sampuli zake ilikuta DEG kati ya asilimia 3 na 4 ya uzito. Kabla mwezi haujaisha ilijulikana kwamba tyubu zipatazo 900,000 zilishaingia Marekani, na nyingine zilikuwa zimegawiwa magerezani na kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Nchi zilizoikuta zikawa zaidi ya thelathini. Fikiria kidogo: nchi zenye maabara, zenye bajeti, zenye wakaguzi wa bandari, zote zilipelekewa habari na mtu aliyesimama dukani akasoma.

China ilijibu, na jibu lake linastahili kusikilizwa badala ya kuchekwa. Walisema DEG ilikuwa haijakatazwa kwenye dawa ya meno nchini mwao, na kwamba utafiti wao wa mwaka 2000 ulionyesha haina madhara hata ikifika asilimia 15.6, kwa sababu dawa ya meno hutemwa. Kwa hiyo hawakuona cha kuficha, na ndiyo maana waliandika kwenye lebo.

Tufanye hesabu yao. Tyubu ya gramu 100 yenye asilimia 4 ina DEG gramu 4. Tone la ukubwa wa punje ya njegere ni kama robo gramu, yaani DEG miligramu 10, na sehemu kubwa inatemwa. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, hiyo ni mbali sana na kiasi cha kuua. Hakuna kifo kilichowahi kuthibitishwa kutokana na dawa ile ya meno, na anayekusimulia kuwa watu walikufa kwa kupiga mswaki anachanganya dawa ya meno na ile ya kikohozi.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Mwaka 1996 Haiti ilipoteza watoto zaidi ya 80 kwa dawa ya homa iliyotiwa DEG, na watafiti waliopima walichokunywa waligundua kwamba kiasi cha kudhuru kilitofautiana sana mtoto kwa mtoto. Wastani ulikuwa zaidi kidogo ya mililita 1.3 kwa kila kilo ya uzito, lakini waliodhurika kwa kiasi kidogo kabisa walikuwa takriban mililita 0.2 kwa kilo. Mtoto wa kilo 10, basi, anaweza kuwa hatarini kwa mililita 2 na ushei. Tyubu yetu ina gramu 4. Na kila mwenye mtoto wa miaka miwili anajua dawa ya meno yenye ladha ya stroberi hutumikaje: hailiwi kwa punje ya njegere, inafyonzwa tyubu nzima nyuma ya kochi pakiwa kimya. China ilipiga hesabu ya mtu mzima anayetema. Julai mwaka huo huo wakabadilisha msimamo na kupiga marufuku DEG kwenye dawa ya meno.

Hapo ndipo kisa kingeishia kama dunia ingekuwa na adabu. Katikati ya mwezi Juni, msako ukiendelea, FDA na Colgate walitoa tangazo jingine: kwenye maduka ya bei ya chini ya New York, New Jersey, Pennsylvania na Maryland kulipatikana dawa ya meno yenye jina la Colgate ambayo Colgate hawakuitengeneza, na baadhi yake ilikuwa na DEG. Sanduku lilisema imetengenezwa Afrika Kusini. Kampuni ikasema haileti Marekani dawa yoyote ya meno kutoka Afrika Kusini.

Kilichoiumbua ni tahajia. Kwenye boksi palisomeka "SOUTH AFRLCA", herufi I imegeuka L. Palisomeka "isclinically", maneno mawili yamegandana. Chama cha madaktari wa meno wa Afrika Kusini, ambacho eti kilikuwa kimeithibitisha, kiliandikwa "Assoxiation". Hebu ona tofauti ya lebo hizi mbili. Ya kwanza ilisema kweli: imetoka China, ndani mna DEG. Ya pili ilidanganya kuhusu kiwanda, kuhusu nchi na kuhusu mdhamini. Zote mbili zilibeba sumu ile ile, na zote mbili zilikuwa tayari kujisema kwa yeyote ambaye angesoma hadi mwisho. Mwongo alijisema kwa kukosea kuandika Afrika.

Naomba nitoke nje ya njia kidogo, kwa sababu huku kwetu jambo hili lina sura yake. Jina lenyewe limeshatuchezea: ukiagiza "kolgeti" kwa Mangi unaweza kuletewa Whitedent au Close-Up na usione ajabu, kwani chapa imekuwa jina la kitu. Lakini muulize mtu anakaguaje dawa ya meno, atakuonyesha kule mkiani, kwenye mkunjo wa tyubu, kile kijialama cha rangi. Ujumbe umezunguka kwenye makundi ya WhatsApp miaka na miaka: kijani ni ya asili tupu, bluu ni asili na dawa, nyekundu ni asili na kemikali, nyeusi ni kemikali tupu. Nimeletewa na shangazi, nimeletewa na mtu mwenye shahada ya kemia. Hii ya pili iliniuma.

Kile kijialama ni cha mashine. Tyubu za siku hizi hutengenezwa kwa karatasi ya plastiki, mara nyingi yenye utando mwembamba wa aluminiamu katikati ili harufu ya mnanaa isivuje. Hufika kiwandani zikiwa na kifuniko tayari lakini mkia ukiwa wazi. Husimamishwa kichwa chini, dawa inamiminwa kwa nyuma, kisha mkia unabanwa kwa joto na kukatwa. Kabla ya kubana, mashine lazima iizungushe tyubu ili picha na jina zitokee mbele, na si ubavuni. Jicho la umeme linatafuta ile alama. Likiiona, tyubu inasimama. Rangi huchaguliwa kwa jambo moja tu: itofautiane na rangi ya chini yake ili jicho liione. Tyubu nyeupe itapewa alama nyeusi au bluu. Basi.

Na kwa nini uongo huu una nguvu hivyo? Kwa sababu unasamehe kusoma. Rangi nne mtu hukariri kwa dakika moja, wakati orodha ya viambato imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za sisimizi, na majina ya kemia yanayotisha hata pale ambapo hayana ubaya. Sodiamu lauriili salfeti inasikika kama sumu kuliko diethilini glaikoli, na ndiyo povu tu. Ukimwambia mtu asome bila kumwambia atafute nini, atatupa nzuri na kubakiza mbaya. Arias hakuwa mkemia. Alikuwa na faida moja ambayo hakuna anayeiombea: nchi yake ilikuwa imefundishwa neno moja kwa vifo zaidi ya mia.

Pale mkiani, karibu kabisa na hicho kijialama cha rangi, kuna kitu kingine ambacho kina maana: namba ya toleo na tarehe, zilizogongwa kwenye mkunjo wakati wa kubana. Hizo ndizo husema tyubu ilijazwa lini na kundi gani, na ndizo wakaguzi huulizia kukiwa na agizo la kurudisha bidhaa. Zikifutika kwa kidole, au namba ya boksi isifanane na ya tyubu, kuna jambo. Kisha alama ya TBS au KEBS, anwani kamili ya mtengenezaji, na kiasi cha floraidi. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, madaktari wa meno hushauri kiasi cha punje ya mchele. Hadi miaka sita, punje ya njegere, na mtu mzima asimame pale. Walioko Arusha na vijiji vinavyozunguka Meru, ambako maji ya visima yenyewe huweza kuwa na floraidi nyingi hadi meno ya watoto yanageuka kahawia, wana sababu ya ziada ya kukaa karibu na mtoto anapopiga mswaki ili ateme.

Kuhusu DEG yenyewe, mlango uliofungwa ulifungwa kwa kupima. Mei 2007 FDA ilitoa mwongozo kwa watengenezaji wa dawa kwamba kila pipa la gliserini lipimwe kabla halijatumika, na kisichovumilika ni zaidi ya asilimia 0.1. Kipimo si cha gharama kubwa. Mwaka 2022 huko Gambia watoto wapatao 70 walikufa baada ya kupewa dawa za maji zilizotoka India, na Shirika la Afya Duniani likakuta ndani yake DEG na ndugu yake ethilini glaikoli. Miaka 85 baada ya Tennessee, sumu ileile, kwa njia ileile: pipa lililoaminiwa kwa karatasi yake.

Arias mwenyewe hakujulikana kwa miezi kadhaa. Tyubu zilitupwa nchi baada ya nchi, China ikabadilisha kanuni, magereza ya Marekani yakabadilishiwa dawa ya meno, na aliyeanzisha yote alitajwa tu kama mteja mmoja wa Panama. Gazeti la New York Times ndilo lililomtafuta na kumtaja kwa jina, Oktoba 2007. Jina lake, bila shaka, lilikuwepo Panama siku zote. Lilikuwa kwenye zile fomu.